Ukimwondoa wakili wa "nilipe tukishinda", theluthi yake ibaki palepale?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Mtu ameumia kwenye ajali, hana hela ya wakili. Wakili anamwambia: usinipe kitu sasa, tukishinda nachukua theluthi ya fidia, tukishindwa sikudai. Wanatia saini. Miezi inapita, simu hazipokelewi, habari za kesi yake anazipata kwa karani. Akiamua kumwondoa, wakili anafungua mkataba na kumwonyesha kifungu: hata ukiniondoa, theluthi yangu iko palepale.

Kifungu hicho kiheshimiwe? Mimi nasema hapana.

Wakili wa pili naye hatafanya kazi bure. Fidia ikitoka 90,000, wa kwanza achukue 30,000, wa pili 30,000, aliyevunjika mguu abaki na 30,000, na hapo gharama za ripoti za madaktari bado hazijakatwa. Nani atathubutu kubadilisha wakili kwa hesabu hiyo? Utavumilia mtu usiyemwamini kwa sababu tu kuachana naye ni ghali.

Marekani, ambako mikataba ya aina hii ni ya kawaida, Mahakama ya Juu ya California ililiamua hili mwaka 1972, katika kesi ya Fracasse dhidi ya Brent. Mteja anaweza kumwondoa wakili wakati wowote, awe na sababu au asiwe nayo. Wakili hapati asilimia ya mkataba, anapata thamani halisi ya kazi aliyokwisha kufanya, na hata hiyo hawezi kuidai mpaka fidia ipatikane. Naona ni haki kabisa. Alikubali tangu mwanzo kwamba kesi ikianguka hapati kitu, kwa nini kuondolewa kumpe uhakika ambao ushindi wenyewe haukumpa?

Najua mawakili watasema nini, na wana hoja. Kuna mteja anayesubiri kampuni ya bima itaje kiasi kizuri, halafu anamwondoa wakili kesho yake ili asimlipe. Huo ni udhulumati. Lakini uamuzi uleule uliliona hilo: wakili akiondolewa mlangoni mwa mahakama, dakika za mwisho, kazi yote akiwa ameimaliza, thamani ya kazi yake inaweza kuwa ada yote. Kwa hiyo hoja hii haitoshi kutetea kifungu kinachomkamata hata mteja aliyeondoka wiki ya pili, kazi yenyewe ikiwa barua moja.

Tukumbuke pia si kila nchi inaikubali mikataba hii. Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakiupi uhalali mkataba wa kumlipa wakili kwa sharti la kushinda kesi tu.

Kwa aliye katikati ya jambo hili sasa: mwondoe kwa maandishi, dai faili lako, na kabla hujasaini na wakili mpya mwambie aandike kwamba malipo ya wa kwanza yatatoka ndani ya theluthi ya huyo mpya, si kuongezwa juu ya theluthi hiyo. Wengi hawaulizi hili la mwisho, na ndilo linalowaumiza.

Mawakili mnaosoma, nijibuni: kwenye kesi za asilimia mnaandika saa mnazofanya kazi? Kama hamwandiki, mteja akiwaondoa katikati mtathibitishaje mnachostahili?