Sebule yangu ni karakana ya kushona pia: nipake rangi nzito au nyeupe?

MamaVitenge

Habari zenu wanajukwaa. Nina swali la rangi ya nyumba, na naomba mnijibu kwa kuangalia nyumba niliyo nayo, si zile za kwenye picha.

Niko ghorofa ya pili, Umoja Innercore, Nairobi. Sebule ina mita 3.6 kwa 3, na kutoka sakafuni hadi kwenye zege la juu ni mita 2.6. Dirisha ni moja. Ukilifungua unakutana na ukuta wa ploti jirani, karibu kiasi kwamba mimi na mama wa upande ule hupeana chumvi bila mtu kushuka ngazi. Mwaka huu ukuta huo ulipakwa rangi ya machungwa, ile ya kupiga kelele. Mwanga wa maana unaingia kati ya saa tano na saa nane, jua likiwa juu ya uchochoro. Unashuka, unagonga ule ukuta, kisha ndio unafika kwangu. Mchana wangu wote ni wa machungwa.

Na hapo hapo ndipo ninaposhonea. Cherehani na ovaloki, ile mashine ya kufunga pindo, viko ukuta wa kushoto, kioo cha wateja kiko kando ya mlango. Vitenge ndivyo vingi, sare za shule zikifika msimu wake, na kurekebisha suti. Mtu akiniletea suruali nyeusi pamoja na ya bluu iliyokolea, lazima nizibebe hadi juu kwenye kamba za nguo ndipo nijue uzi upi ni wa ipi.

Sasa mdogo wangu amenitumia picha za sebule za kijani kilichokolea, na taa za rangi ya dhahabu. Anasema krimu imechosha, kila ploti Nairobi ni krimu. Ana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: ukuta wa nyuma ya cherehani umejaa chaki, mafuta ya mashine na alama za vidole, na rangi nzito ingezificha. Mimi moyo wangu uko kwa nyeupe, ila nimechoka kupangusa.

Mwenye nyumba ameruhusu nipake, mradi nikihama nirudishe ilivyokuwa. La sivyo anakata kwenye diposi. Mnasemaje?

RolaNaBrashi

Mama, umeanza na dirisha, na hapo umenipunguzia kazi. Wateja wengi huniita wakiwa tayari na jina la rangi, dirisha hata hawalitaji.

Mimi ni fundi wa rangi, nilishika brashi kabla M-Pesa haijaingia. Nyumba za Umoja, Pipeline na Kayole nimezipaka nyingi, na shida yake ni moja: ploti zimekaribiana, mwanga unaofika ndani ni mabaki. Ukiwa na mabaki, usiyatupe. Kadi za rangi za kampuni kubwa huwa na namba ya kuonyesha rangi inarudisha mwanga kiasi gani, kutoka 0 hadi 100. Nyeupe safi hupita 80. Kijani cha kwenye picha za mdogo wako kinaweza kuwa chini ya 10. Maana yake, mwanga ukigonga ukuta huo, zaidi ya sehemu tisa katika kumi haurudi. Utawasha taa saa sita mchana, na tokeni za umeme unazijua.

Zile picha zenyewe mara nyingi zina dirisha la ukuta mzima ambalo halionekani kwa sababu mpiga picha ameliacha nyuma ya mgongo wake.

Halafu kuhusu kuficha uchafu. Mafuta ya mashine, sawa, rangi nzito inayaficha. Lakini wewe unatumia chaki. Chaki nyeupe kwenye ukuta mweusi haijafichwa, imeandikwa. Vumbi nalo ni hivyo hivyo.

Jambo la diposi pia lifikirie sasa, si siku ya kuhama. Rangi nzito huchanganywa kwenye mashine dukani, na kopo lake huwa na weupe kidogo sana ndani, kwa hiyo haifuniki haraka. Koti mbili ukiangalia bado unaona madoa, unaongeza ya tatu. Na siku ya kurudisha krimu utapiga msasa, upake andakoti, yaani rangi ya msingi, ndipo krimu ikubali. Unalipia mara mbili.

Ushauri wangu: juu na dari nyeupe tulivu, ile makopo huiita soft white. Chini weka mkanda wa rangi nyingine, ya kupangusika, hadi urefu wa mita 1.2.

UsikuKazini

Nitawatetea wapenda giza kidogo, maana naona fundi amewazika wote.

Mimi ni muuguzi, Roysambu, zamu zangu nyingi ni za usiku. Chumba cha kulala nimekipaka bluu ya usiku, kuta zote na dari, na mapazia mazito ya Eastleigh juu yake. Saa tatu asubuhi nikiingia humo hata kelele za Thika Road naona zimepungua, ingawa najua rangi haizuii kelele. Chumba cha kulalia mchana hakihitaji mwanga urudi popote.

Ila vumbi, fundi hajadanganya. Nilichagua isiyong'aa, na kila ukigusa kwa kitambaa panabaki alama. Kwa sebule ya kushonea siwezi kukushauri hivyo, dada.

Bint Amu

MamaVitenge, mimi naishi South C lakini nyumbani ni Lamu, na hili swali kwetu lilijibiwa zamani na watu wasiokuwa na umeme.

Nyumba za mawe za mji wa kale zina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana unategemea boriti za mikoko, nazo hazifiki mbali. Chumba cha ndani kabisa hakina dirisha la njiani. Mwanga unatoka kiwandani, uani, unapita msana wa kwanza, yaani ukumbi mwembamba, wa pili, ndipo ufike ndani ukiwa umechoka. Ndiyo maana kuta ni chokaa nyeupe, na ukuta wa mwisho una zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizochongwa, ili huo mwanga kidogo upate mahali pa kucheza. Rangi nzito ipo, lakini iko juu, kwenye boriti, na kwenye milango.

Watu wa Nairobi hufanya kinyume, dari nyeupe halafu ukuta mmoja mweusi. Ungejaribu dari nzito?

MamaVitenge

Bint Amu, ahsante, hiyo ya mwanga kuchoka imenigusa. Lakini dari za kwenu ziko juu. Yangu nikipanda kwenye stuli kubadilisha balbu nainamisha kichwa. Nikiipaka nyeusi nitashona nimeinama mpaka jioni.

Fundi, hoja ya chaki sikuwa nimeiona, na mdogo wangu amenyamaza tangu nimsomee. Lakini mkanda wa mita 1.2 ndio ule wa shule ya msingi na zahanati! Mteja ataketi akingoja kuitwa jina lake na kupimwa joto. Hakuna namna nyingine?

Na hamjanijibu kuhusu machungwa. Nikipaka nyeupe, si ndiyo itazidi?

KejaSafi254

Weka karatasi ya ukutani yenye picha ya mawe, maliza stori.

RolaNaBrashi

KejaSafi, karatasi hiyo nimeibandua nyumba za watu nikakuta ukungu nyuma yake umesoma hadi chuo kikuu. Ukuta wenye unyevu ukiufunika unaulea.

Mama, shule na zahanati hawakuwa wajinga, mikono ya watu inagusa hapo. Lakini shusha mkanda hadi sentimita 90, usawa wa meza ya cherehani, na usizungushe chumba kizima. Weka ukuta wa cherehani na ule wa mlango tu, ndizo kuta zinazoguswa. Tumia rangi ya maji yenye mng'ao mdogo, ile ya silki. Ya mafuta usiweke, inanuka, inakurudishia taa machoni, na ile nyeupe yake hugeuka manjano palipo na giza.

Kuhusu machungwa, kweli, nyeupe haina ubishi. Ikipewa machungwa inarudisha machungwa. Hapo mimi nimefika mwisho wa elimu yangu.

WinoNaKaratasi

Hapo niachieni mimi. Nafanya kazi ya uchapishaji katikati ya jiji, na shida ya MamaVitenge ndiyo yetu kila siku: mteja anasema nyekundu ya kadi si nyekundu aliyokubali.

Kwanza, kubali kwamba dirisha lako si la kupimia rangi. Litumie kupata mwanga na hewa, basi. Uzi na kitambaa vilinganishe chini ya taa moja unayoijua. Kwenye sanduku la balbu kuna namba yenye herufi K. Ya 2700 au 3000 ni ya manjano, inapendeza sebuleni jioni lakini bluu iliyokolea na nyeusi zitakuwa ndugu. Sisi wachapishaji viwango vyetu vinataka 5000. Watu wa vitambaa hutumia 6500 zaidi, ambayo ina ubluu kidogo. Tafuta pia herufi CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi bila kuzibadilisha. Balbu nyingi za bei ndogo huwa 80 hivi, wewe tafuta 90 kwenda juu. Iweke karibu na sindano, si katikati ya dari ambako utajifunika na kivuli chako mwenyewe. Na kumbuka nguo mbili zinaweza kufanana chini ya balbu moja zikaachana chini ya nyingine, kwa hiyo usiwe na balbu za aina tofauti juu ya meza hiyo.

Pili, kijani cha mdogo wako kingekuharibia kazi hata bila chaki. Ukuta mkubwa wa kijani unatupa ukijani kwenye kitambaa cheupe na kwenye sura ya mteja aliye mbele ya kioo. Atadhani gauni ndilo linamfanya aonekane mgonjwa. Chumba chetu cha kukagulia rangi kina kijivu kitupu, kisichoelekea bluu wala kahawia, kwa sababu hiyo hiyo. Huo mkanda wako ufanye kijivu cha kati. Chaki haitaonekana sana, na mafuta pia.

RolaNaBrashi

Kijivu cha kati, nakubali, tena hakina shida ya kufunika. Koti mbili zinatosha, na siku ya kuhama krimu itakipanda bila vita. Huyu mchapaji angekuwa Kayole ningemwajiri.

MamaVitenge

Basi nimeamua. Juu soft white, kuta mbili mkanda wa kijivu wa sentimita 90, taa ya meza ya 5000 au 6500 nitakayoipata. Balbu ya dari nitaacha ya manjano kwa ajili ya jioni, na nitaizima nikishona.

Fundi, nihesabie makopo nisije nikauziwa ya ziada. Mlango ni wa kawaida, dirisha ni mita 1.5 kwa 1.2.

MdogoWakeMwenyewe

Nimesoma kila kitu. Basi kijani kiende chumba cha kulala.

MamaVitenge

Chumba cha kulala ni changu pia.

RolaNaBrashi

Hesabu ndiyo hii. Kuta zako zote, nikitoa mlango na dirisha, ni kama mita 30 na nusu za mraba. Mkanda wa kuta mbili unakula 5 hivi, ambazo kwa koti mbili ni 10. Lita moja ya rangi nzuri hufunika mita 10 hadi 12 za mraba kwa koti moja, ikiwa ukuta ni laini na umeshapakwa. Kwa hiyo lita 1 ya kijivu inatosha kwa hesabu, lakini itakuishia ukiwa umebakiza pembe. Nunua makopo 2 ya lita 1, uchanganye pamoja kwenye ndoo kabla ya kuanza ili rangi isitofautiane. Kitakachobaki kifunge vizuri, uandike namba ya mchanganyiko kwenye kifuniko, kitakusaidia kufuta mikwaruzo.

Nyeupe: kuta zilizobaki na dari, koti mbili, ni kama mita 73 za mraba. Makopo 2 ya lita 4 yanatosha, usikubali akuuzie ndoo ya lita 20. Yote mawili yawe ya isiyong'aa, kwa dari na kuta.

Kabla ya yote, osha hayo mafuta kwa maji ya sabuni na uache pakauke, kwa sababu rangi ya maji haishiki juu ya mafuta, itajikunja. Halafu gusa ukuta unaopakana na bafu, kama upo. Ukikuta unga mweupe unatoka mkononi, hiyo ni chumvi, kuna maji yanapita. Mwite keateka, msimamizi wa ploti, atengeneze bomba kwanza, na kopo usilifungue mpaka pakauke.