Malengo ya idara ya miaka mitano tunayaandika wikendi moja. Nimechoka!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha.

Alhamisi jioni ofisi ya mipango ya chuo imeleta agizo: kila idara iwasilishe malengo ya mwaka ujao pamoja na mpango wa miaka mitano, mwisho Jumatatu asubuhi. Mkuu wetu wa idara akatutumia jedwali na mstari mmoja tu, "tumieni la mwaka jana". Nikalifungua la mwaka jana. Kumbe nalo lilinakiliwa kutoka la mwaka juzi, maana lengo la tatu bado linataja kozi tuliyokwisha kuifuta. Lilisainiwa, likapokelewa, likawekwa kwenye faili. Hakuna aliyelisoma!

Na malengo yenyewe sasa. "Kuboresha ufundishaji." "Kuimarisha utafiti." "Kukuza ushirikiano na wadau." Nani ataboresha? Kutoka wapi hadi wapi? Kiashiria kilichoandikwa pembeni ni "idadi ya vikao vilivyofanyika". Yaani tukikaa vikao vinne, tumefaulu. Kuna somo moja la mwaka wa pili ambalo wanafunzi wanalirudia kila mwaka kwa makundi, kila mhadhiri analijua, lakini kwenye jedwali halimo hata kwa neno moja.

Kinachoniuma kuliko vyote ni watu. Wahadhiri wanne wa idara yetu wanastaafu ndani ya miaka mitatu. Si siri, tarehe zao za kuzaliwa ziko kwenye mafaili. Kumsomesha mhadhiri msaidizi mpaka apate shahada ya uzamivu kunachukua miaka mitatu kwa uchache, na wengi huvuka hapo. Kwa hiyo mtu wa kumrithi mzee wetu wa maabara alipaswa awe darasani tayari. Mpango unasema nini? "Kuwajengea uwezo watumishi." Basi. Hakuna jina, fani wala mwaka. Mzee akiondoka, masomo yake tutagawiwa sisi tuliobaki, tufundishe tusichokibobea, na atakayeumia ni mwanafunzi ambaye hakuwahi kuulizwa.

Mtaala nao hivyo hivyo. Badiliko linaanzia idarani, linapanda kitivoni, linakwenda seneti, kisha mamlaka ya ithibati. Likipita kote huko ndipo kundi la kwanza linadahiliwa, nalo lina miaka mitatu au minne ya kusoma. Hesabu mwenyewe: tunachoamua leo, mhitimu wake wa kwanza anaweza kutoka baada ya miaka mitano au sita. Kazi ya uzito huo inapewa siku tatu, mbili kati ya hizo zikiwa Jumamosi na Jumapili!

Halafu bajeti. Chuo chetu kinafunga bajeti kwanza, malengo yanaombwa baadaye. Fedha zimeshagawanywa kwa kuangalia mwaka jana zilitumikaje, ndipo tunaulizwa mwaka ujao tunataka kufanya nini. Miaka mitatu mfululizo tumeandika "kununua darubini" na miaka mitatu hakuna fungu. Mwisho wa mwaka safu ya utekelezaji inajazwa "unaendelea". Funika kombe mwanaharamu apite. Wakaguzi wa ithibati wakija wanaonyeshwa makaratasi yaliyopangika vizuri, wanafunzi wanne wanne wanachungulia kwenye darubini moja.

Kila warsha wanatuwekea ukutani zile herufi tano za SMART, kila herufi ikiwa sifa moja ya lengo zuri kwa Kiingereza. George Doran alipoziandika mwaka 1981 kwenye jarida la Management Review, A ilihusu kumkabidhi mtu: ijulikane nani atalifanya. Kwenye warsha zetu A imekuwa "linalofikika", na yule mtu ametoweka. Ndiyo maana jedwali letu zima halina jina la mtu hata mmoja. Lengo likikwama, unamuuliza nani?

Sidai makubwa. Nataka idara ipewe muhula mzima wa kufikiri. Tuanze na takwimu tulizonazo wenyewe: udahili, wanaofeli na wapi, wanaoacha masomo, wanaostaafu, vifaa vilivyokufa. Malengo yawe matatu, manne yakizidi, kila moja na jina la mtu, tarehe na fungu lake. Na la mwaka jana lisomwe kwa sauti kikaoni kabla hatujaandika jipya, tuseme wazi lipi limeshindikana na kwa nini.

Jumatano tuna kikao cha idara. Hoja hii nimeiandika ukurasa mmoja na nitaomba iingie kwenye muhtasari, hata kama mkuu atanuna. Jedwali la kunakili sitalisaini.

Mlioko vyuoni, wahadhiri na hata watu wa ofisi za mipango: kuna idara iliyofanikiwa kuomba malengo yatangulie bajeti? Mlianzia kwa nani, mkuu wa kitivo au ofisi ya fedha? Nahitaji majibu kabla ya Jumatano.