Tupeane uzoefu: rock ya miaka ya 60 na 70, nani alikukamata wewe na alikufikiaje huko ulikokuwa?

Kaseti_Kuukuu (Tanga)

Wakuu salaam, na wazee wote wa humu shikamooni.

Tangu Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, afariki mwezi wa saba 2025 kila nikirudi kazini naweka rock ya zamani, na kuna kitu kinaniuma. Hawa watu wanaisha mmoja mmoja, na sisi tuliowapenda huku kwetu hatujaandika popote walitufikiaje. Vijana wanadhani wazazi wao walisikiliza rhumba tu. Rhumba ilikuwepo na tuliipenda kweli, ila kuna nyumba kaseti ya Creedence ilikaa shelfu moja na Mbaraka Mwinshehe na hakuna aliyeona ajabu. Kwa hiyo tuandike. Mwanamuziki au bendi, na ilikufikiaje, hayo mawili tu.

Naanza. Wangu ni John Fogerty wa Creedence Clearwater Revival. Mjomba alikuwa baharia, akirudi likizo anakuja na kaseti ambazo zimeshachoka, sauti inayumba, na hiyo ya Creedence alikuwa haipi mtu mkononi, anaiweka mwenyewe na anaitoa mwenyewe. Mimi nilikuwa sijui Kiingereza hata kidogo ila ile sauti ya Fogerty ya kukwaruza nilijua huyu mtu kuna kitu anadai.

Miaka mingi baadaye ndo nikasoma habari zake na mapenzi yakazidi. Ni vijana wa El Cerrito, California, wameanza kupiga pamoja tangu shule, John na kaka yake Tom, na Stu Cook na Doug Clifford. Mwaka 1969 peke yake walitoa albamu tatu. Nyimbo zao 5 zilifika namba mbili kwenye chati ya Marekani na hata moja haikuwahi kukaa namba moja! Halafu mkataba wao ulikuwa mbaya, haki za nyimbo zikabaki kwa kampuni. Sasa sikilizeni hii: Fogerty alipotoa wimbo mpya miaka ya 80 ile kampuni ikamshtaki kwamba ameiba wimbo wa zamani, na huo wimbo wa zamani aliutunga yeye mwenyewe! Akaenda mahakamani na gita lake, akapiga mbele ya baraza la wazee wa mahakama kuwaonyesha kwamba huu ndo mkono wangu, nitaukimbia vipi. Mwaka 1988 wakampa ushindi. Haki za nyimbo zenyewe amekuja kuzipata 2023, akiwa na miaka 77. Mimi nilivosoma hiyo habari nilikaa nikafurahi kama nimeshinda kesi mimi.

Karibuni.

Mwana_wa_Shangani (Unguja)

Ahsante kwa uzi huu. Mie siwezi kuanza na mwengine, naanza na Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi kazaliwa hapa hapa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Babake alikuwa keshia serikalini wakati wa Muingereza. Freddie kapelekwa India kusoma akiwa mdogo, karudi, halafu baada ya mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Feltham, nje kidogo ya London. Alikuwa na miaka 17. Hajawa Mercury bado.

Kunifikia kwake kulikuja na video. Ami yangu alikuwa akiishi Uingereza akaleta kanda ya lile tamasha la Live Aid la Wembley la Julai 1985, tukaiona jirani kwa sababu kwetu hakukuwa na deki, watu sebule nzima wamekaa kwenye mkeka. Ami akasema huyu mnomuona kazaliwa Shangani. Hakuna aliyemuamini. Mie nilimuamini tangu dakika ile na mpaka leo nikimtizama anavyoushika uwanja ule kwa mkono mmoja nnapata fakhari ambayo siwezi kuieleza.

Siku hizi kuna makumbusho yake hapa, yamefunguliwa 2019, wageni wanajaa. Lakini nnachotaka kusema ni kwamba watu wanamjua Freddie wa masharubu, wa miaka ya 80. Rudini nyuma mumsikilize wa 1974 na 1975, ana nywele ndefu na piano. Ule wimbo wao mkubwa wa 1975, Bohemian Rhapsody, unakaribia dakika 6, wenye redio wakasema mrefu mno hautopigwa, ukakaa namba moja Uingereza wiki 9. Na ndani yake mna Bismillah! Kila nikiufikia pale nasimama.

FundiGitaa (Morogoro)

Mwana wa Shangani umenigusa, ngoja nikuongezee kwenye Queen hiyo hiyo. Mi natengeneza magita, hasa ya makanisani, na mtu aliyenifanya nithubutu ni mpiga solo wao Brian May. Lile gita lake jekundu alianza kulitengeneza 1963 na baba yake nyumbani, shingo ni mbao ya fremu ya jiko la moto la zamani sana, springi za kwenye ile mashine ya kuyumbisha nyuzi ni za valvu za pikipiki ya zamani, na bado analipiga hadi leo. Badala ya piki ya plastiki anapigia sarafu ya Kiingereza ya peni sita ya kizamani. Sasa ukiambiwa huna vifaa utasemaje?

Lakini aliyenikamata kabisa ni Tony Iommi wa Black Sabbath. Nilikuwa fundi seremala kwenye karakana moja, mashine ikanikata ncha ya kidole cha mkono wa kushoto, mkono ule ule wa kubania nyuzi. Niliweka gita juu ya kabati nikasema basi. Jamaa mmoja anayejua muziki akaniletea flashi ina nyimbo za Sabbath akaniambia sikiliza kwanza halafu nitakwambia. Nikasikiliza, mizito, gita linanguruma chini kabisa, nikasema huyu ana mikono ya chuma. Ndo akaniambia huyu alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17, na ilikuwa siku yake ya mwisho kazini.

Iommi anapiga kwa kushoto kwa hiyo vidole vilivyokatika ni vya kulia, cha kati na cha pete, ndo vya kubania. Meneja wa kiwanda akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gita yule aliyeungua mkono kwenye moto akawa anapiga solo kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo akatengeneza vikofia vya vidole, akavika ngozi ya jaketi. Akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akawa anazilegeza ziwe laini kwa vidole vyake, na kule kulegeza ndo kulikoleta ule mngurumo ambao muziki wote wa heavy metal duniani umeufuata. Mimi kikofia changu ni cha ngozi ya kiatu. Napiga kila Jumapili.

Mbongo_wa_Brum (Birmingham, Uingereza)

Fundi mkono wako nauheshimu. Mimi naishi huo mji. Tarehe 30 Julai 2025 tulisimama Broad Street kumuaga Ozzy, watu wamejaa pande zote, wazee kwa watoto, gari lililombeba linatembea polepole na bendi ya matarumbeta mbele inapiga nyimbo za Sabbath, likasimama kwenye daraja lenye jina la bendi. Familia yake wakashuka kuangalia maua. Mwezi huo huo tarehe 5 alikuwa ameimba uwanja wa Villa Park, amekaa kwenye kiti kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson, na wote wanne wa mwanzo wakapiga pamoja mara ya kwanza baada ya miaka 20. Alifariki siku 17 baadaye. Nyumbani tunamalizia arobaini na hitma, pale mitaani niliona watu weupe wanalia kwa sauti na nikajua msiba ni msiba.

Boda_ya_Tunduma (Songwe)

Wakuu mnataja Uingereza na Marekani tu, na Zambia je? Sisi wa Tunduma redio iliyoshika vizuri ilikuwa ya Zambia, na marehemu mzee wangu alikuwa anavuka Nakonde kwa biashara anarudi na santuri. Ya kwanza kuijua mimi ni WITCH. Mwimbaji wao Emanuel Chanda wakamwita Jagari kwa ajili ya Mick Jagger wa Rolling Stones, na ukisikia zile gita zimekwaruzwa makusudi unaweza kudhani ni vijana wa London kumbe ni wa Copperbelt.

Mzee alinieleza ilivyokuwa, shaba ilikuwa na bei, wachimba migodi wana mshahara, kila mji wa Copperbelt una ukumbi na bendi, na Kaunda akaagiza redio ipige muziki wa nyumbani kwa wingi, basi vijana waliokua na Hendrix na Stones wakatengeneza rock yao wenyewe. WITCH, Amanaz, Paul Ngozi, Musi-O-Tunya wa kina Rikki Ililonga ambao walifika hadi Nairobi kurekodi. Halafu katikati ya miaka ya 70 bei ya shaba ikaanguka, hela ikakata, na baadaye UKIMWI ukachukua wengi wao wakiwa bado na nguvu. Katika WITCH ya mwanzo kabaki Jagari. Akaacha muziki miaka mingi, akawa mchimbaji wa vito, sasa karudi jukwaani na 2023 wakatoa albamu mpya. Baba angeiona hiyo angelia.

Pwani_Mzima (Mombasa)

Jimi Hendrix, mpiga gita wa Marekani. Mie sina mwengine.

Sisi Mombasa tulikuwa na Slim Ali na Hodi Boys, mtoto wa hapa hapa akiimba soul kwa Kizungu safi, kwa hivyo sikio la gita la umeme tulikuwa nalo zamani. Kaka yangu mkubwa alikuwa mshoto, akirudiwa kila siku nyumbani kwamba mkono ule si wa kulia chakula wala wa kupokelea. Siku moja akaona picha ya Hendrix kwenye jarida, mshoto vile vile, kalipindua gita la watu wa kulia juu chini akabadili nyuzi, basi. Ile picha aliibandika mlangoni mpaka ikafifia. Akaja kujifunza gita kwa mkono wake wa kushoto na mama akanyamaza.

Jimi alifariki London Septemba 1970, miaka 27. Umaarufu wake wote ni kama miaka minne tu, tangu Chas Chandler wa The Animals ampeleke Uingereza 1966. Kwenye tamasha la Woodstock alipanda jukwaani Jumatatu asubuhi wengi washakwenda zao. Waliobaki ndio walioona.

Mama_Kinanda (Moshi)

Nashukuru kwa uzi, ila mbona magita tu? Mimi napiga kinanda kwaya yetu tangu msichana, na mwalimu wangu bila yeye kujua ni Christine McVie wa Fleetwood Mac. Dada yangu aliipata kaseti ya ile albamu yao ya 1977 kwa wenzie wa chuo, ikapita mikono mingi mpaka maandishi yakafutika.

Wakati wanairekodi ile, Christine na mumewe John mpiga besi wanaachana, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks wanaachana, na Mick Fleetwood mpiga ngoma ndoa yake nayo inavunjika, na kila siku wanaingia studio moja wanaimbiana usoni. Imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Katikati ya vurugu yote hiyo kuna wimbo mtulivu wa Christine na piano yake, waliurekodi ukumbini Berkeley usiku kucha ili piano isikike na ukumbi mtupu. Mimi mume aliponiacha ndo wimbo niliokuwa napiga watoto wakishalala, sauti ya chini. Alifariki Novemba 2022. Nilimwombea kwa jina.

Kaseti_Kuukuu

Mama pole sana, na asante kwa kutuamini na hiyo.

Wanaosoma kimya kimya nanyi andikeni jamani. Wazee wa Dar mko wapi?

Mzee_wa_Gerezani (Dar)

Nipo mwanangu, marahaba.

Mwanzoni mwa sabini Dar haikuwa rahisi kwa kijana wa gita la umeme. Kulikuwa na Operesheni Vijana, suruali za kubana, vimini na mawigi vilipigwa vita, na mwaka 1969 soul ikapigwa marufuku mjini. Mimi nilielewa walichotaka, nchi changa inatafuta utamaduni wake, lakini sisi tulikuwa na miaka kumi na tisa na tulishamsikia James Brown na Hendrix, ungeyatoaje masikioni?

Bendi niliyoifuata ukumbi kwa ukumbi ni Sunburst. Ilizaliwa hapa Dar, ndani yake Watanzania, Wazaire na wengine, wakachanganya rock, soul na ngoma za kwetu na kuimba Kiswahili juu ya gita la wah-wah. Nakumbuka nilirudi nyumbani kwa miguu usiku na rafiki yangu hatuongei, kila mtu anapiga besi kwa mdomo. Baadaye wakaenda Zambia, wakatoa albamu yao Ave Africa 1976. Bendi ikafa. Ukisikia Watanzania wanasema rock si yetu waambie wakatafute ile.

Boda_ya_Tunduma

Mzee shikamoo. Hiyo Ave Africa sijawahi kuisikia na nimekaa mpakani maisha yangu yote. Inapatikana?

Mzee_wa_Gerezani

Marahaba. Inapatikana, kampuni ya rekodi ya Strut ya London iliitoa upya 2016 pamoja na rekodi zao zingine za tangu 1973, na mtandaoni ipo. Tumia spika kubwa, usisikilizie simu, besi yake itapotea. Na zile za baba yako za WITCH kama bado zipo usiziache juani, zilaze bapa zisipinde, halafu niandikie una zipi.