Wanafunzi wanataja mbinu za fasihi bila kuona kazi yake katika hadithi. Nifanyeje?

Mwalimu_KidatoPili
Walimu wenzangu, salaam. Tumefika kwenye vipengele vya fani (jinsi kazi ilivyosanifiwa) na maudhui (yanayosemwa), na wanafunzi wangu wameshika fasili vizuri: ukiwauliza maana ya tashihisi, yaani kukipa kisicho binadamu sifa za binadamu, wanajibu bila kusita, na tashbiha, ile milinganisho ya "kama", za ukurasa mzima wanaweza kuzipigia mstari. Lakini nikiwauliza msimulizi ameitumia mbinu hiyo kwa nini, au kisa kingepungukiwa na nini kama isingekuwepo, darasa zima linanyamaza. Insha zao zimekuwa orodha: mandhari ni baharini, wahusika ni wanyama, kuna takriri (urudiaji wa maneno). Naomba ushauri, hasa kwa shule isiyo na vitabu vya kutosha.

Mpenda_Ngano
Mwalimu, kwa kuwa vitabu ni vichache, anza na masimulizi ya mdomo. Mimi hutumia kisa cha kima na papa, kimojawapo cha hadithi za Unguja alizozichapisha mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, na kila siku humtupia papa matunda. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya safari anamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima.

Simamisha hadithi hapo hapo. Waulize kima afanye nini, waache wabishane, na wakianza kukusihi uendelee, ndipo uwape jina la kile kinachowasumbua: taharuki, yaani hamu ya kujua kitakachofuata. Kisha uliza ingekuwaje kama papa angeitoa siri hiyo wakiwa bado chini ya mkuyu. Watatambua wenyewe kwamba mandhari hayakuwekwa kama pambo, kwani kima aliyezungukwa na maji hana pa kukimbilia, amebakiwa na ulimi tu, na ndiyo maana anadai kwamba kima wanapotembea huiacha mioyo yao mtini. Bahari ndiyo iliyombana mhusika mpaka tabia yake ikajitokeza.

Mwalimu_Mstaafu
Naunga mkono, ila usiishie hapo, kwa maana utamu wa kiuchambuzi uko mbele. Kima akisharudi mtini, papa anamwita ashuke tena, naye anamjibu kwa kumsimulia kisa cha punda wa dobi. Punda huyo alirubuniwa na sungura hadi kwa simba, akaponyoka, akarubuniwa mara ya pili, akauawa. Sungura akala moyo na masikio, na simba alipoviulizia akaambiwa kwamba punda yule hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi.

Hapa waulize wanafunzi kwa nini kima hakusema tu kwamba haendi. Atakayejibu kwamba papa anataka kumfanya kima awe punda wa dobi amekwisha kuonyesha kazi ya hadithi ndani ya hadithi. Halafu waelekeze kwenye moyo: katika kisa cha kwanza ni kiungo kinachotafutwa kama dawa, katika cha pili umekuwa akili, na kima ndiye anayeufanya uhame kutoka maana moja hadi nyingine. Somo la ishara lililo bora kuliko hili mimi sijaliona.

Msahihishaji
Nakubaliana nanyi, lakini tusisahau kwamba katika mtihani mwanafunzi atatakiwa kuitaja mbinu kwa jina, kutoa mfano kutoka kwenye kazi aliyoisoma, na kueleza athari yake. Majina yafundishwe, ila yaje baada ya mfano. Nionye pia kuhusu tashihisi. Katika ngano karibu wanyama wote husema, kwa hiyo hoja kwamba kima anazungumza haina uzito mkubwa. Swali lenye uzito ni kwa nini msimulizi amewachagua kima na papa, mmoja wa nchi kavu na mwingine wa majini, ambao urafiki wao hauwezi kudumu bila mmoja kuhatarisha maisha yake ugenini.

Mwalimu_KidatoPili
Nawashukuru sana. Vipindi vyangu ni vya dakika 40, hivyo nitasimulia kisa cha kwanza katika kipindi kimoja na cha punda katika kinachofuata. Je, zoezi la kuandika liwe lipi?

Mpenda_Ngano
Waandike safari ile ile kwa nafsi ya kwanza, papa akiwa msimulizi, nawe wasahihishe kwa swali moja: msomaji anajua siri ya sultani tangu lini, na kujua huko kumeifanya nini taharuki?