Buti nyepesi za pori na mlima: kitambaa, ngozi au suede? Muuzaji ananisubiri

Nyayo_Rungwa
Wakuu, habari za jioni. Natafuta buti moja ya kazi mbili: kiangazi hiki kufuatilia nyayo Rungwa na wageni wa uwindaji, halafu mwishoni mwa mwaka Mlima Meru. Nilizonazo ni zile ngumu za jeshi, ikifika jioni nyayo zinawaka moto. Bajeti laki mbili na nusu, isizidi hapo. Nimechuja nimebaki na tatu:

A. Salomon X Ultra ya kitambaa, shingo ya kati, ina Gore-Tex (utando wa kuzuia maji). Mtumba wa soko la Memorial, imevaliwa kidogo.
B. Lowa Renegade ya ngozi, nayo ina Gore-Tex. Mtumba pia, ila soli haijakanyaga chini, kama mpya.
C. Buti mpya ya dukani, suede ya kahawia, haina utando wowote wa kuzuia maji.

Moyo unaelekea B. Nipeni neno, muuzaji kaniwekea hadi Jumamosi.

FundiSoli
Mkuu, umeuliza nusu swali. Unavaa namba ngapi? Mguu mpana au mwembamba? Mgongoni unabeba kilo ngapi, na kwa siku unatembea umbali gani? Na hiyo B ina umri gani? Hilo la mwisho ndilo kubwa, ukijibu nitakuambia kwa nini.

Mgumu_wa_Mweka
A, wala usijiulize mara mbili. Kilo moja mguuni inakuchosha kama kilo nne hadi sita mgongoni. Piga hesabu: kilomita 10 ni hatua kama 14,000, yaani 7,000 kwa kila mguu. Buti ikizidi gramu 200 tu, kila mguu umenyanyua kilo 1,400 za bure kabla ya chai ya jioni. X Ultra ya shingo ya kati ina gramu kama 450 kwa mguu mmoja, Renegade kama 550. Hizo za jeshi ziweke kwenye mzani wa jikoni uone mwenyewe.

Kichaka_cha_Itigi
Mgumu anaongelea mlima, pori hajaulizwa. Mwezi wa nane nyasi nyingi zimeshachomwa, kilichobaki ni vishina vigumu vilivyokatika mshazari. Vinachoma pale juu ya vidole, na kitambaa cha wavu hakimalizi msimu. Pasipoungua ni balaa lingine: mbegu zenye ncha zinaingia kwenye wavu, zinapenya soksi, zinaanza kuchimba ngozi. Utakaa chini kila nusu saa kuzing'oa huku mwindaji bingwa anakuangalia kwa jicho la pembeni.

Halafu kelele. Nailoni ikisugua nyasi kavu inalia shwaa, soli ngumu ikigusa jiwe inalia ta. Suede haina sauti hiyo, na soli ya mpira laini unaipinda kwa mikono miwili bila kuhema. Kuhusu Gore-Tex kwenye joto la Oktoba: jasho linatoka polepole kuliko mguu unavyolitoa, ngozi inalainika, lengelenge linafuata. C.

Mgumu_wa_Mweka
Suede Meru mwishoni mwa mwaka, mvua za vuli zikiwa juu yako? Kutoka Saddle Hut kushuka Momella utakuwa umevaa sponji mbili.

Kichaka_cha_Itigi
Sponji inayokauka kabla ya mchana wa kesho. Maji yakishaingia kwenye Gore-Tex kwa juu, yanakaa humo kama kwenye ndoo, siku mbili.

Nyayo_Rungwa
Samahani wakuu. Namba 43, mguu mpana mbele, kisigino chembamba. Porini nabeba kilo 6 hadi 8, maji lita 4 yakiwemo, kilomita 15 hadi 20 kwa siku. Meru kama kilo 10. Umri wa B sijui, muuzaji anasema tu haijawahi kuvaliwa.

FundiSoli
"Haijawahi kuvaliwa" ndiyo inayonitia wasiwasi. Soli ya kati ya Renegade ni sponji ya PU (polyurethane). Ni nzuri, inabeba mzigo bila kubonyea, lakini PU inaliwa na unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na kwenye joto inaliwa haraka zaidi. Kukaa kabatini hakuiokoi. Miaka mitano hadi kumi, hata kama imekaa kwenye boksi lake, inaweza kuoza kutokea ndani huku juu inang'aa.

Iko jozi ya namna hiyo, kampuni nyingine wala siitaji, iliyopandishwa Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Getini ilikuwa kama imetoka dukani. Siku ya pili kuelekea Shira kisigino kikaanza kucheza, mvaaji akadhani ni kamba, akakaza. Kufika Barranco soli ya kulia imefunguka nyuma kama mdomo wa mamba. Wakaizungushia selotepu ya kijivu, lakini wakaipitisha chini ya unyayo pale mbele panapokanyaga, mawe yakaikata ndani ya saa moja. Wakarudia, ikakatika tena. Usiku wa kilele wakatoka kambi ya Barafu, mita 4,673, ile ya kulia imefungwa kwa kamba ya hema. Kabla ya Stella Point soli nzima ikabaki kwenye kokoto na ya kushoto ikaanza kufuata. Kilichobaki mguuni ni ubao wa ndani, laini kama sahani, hauna jino hata moja, na baridi iko chini ya sifuri. Kiongozi akamgeuza, na hapo hakuna aliyebishana naye.

Ilipofika mezani kwa fundi, mpira wa nje ulikuwa mzima, meno yote yapo. Iliyokufa ni sponji ya kati, unaisaga kwa vidole inamwagika kama unga wa muhogo. Usidanganywe kwamba gundi itasaidia, gundi inashika kilichooza na kilichooza kinaachia. Dawa ni kukwangua yote, kuweka sponji mpya ya EVA, milimita 20 kisigino na 12 mbele, ndipo soli irudi.

Sasa nenda kaiangalie B hivi. Fungua kamba, vuta ulimi, tafuta lebo ndogo ndani, mara nyingi ina mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Bonyeza ukucha wa dole gumba ubavuni mwa sponji: ikirudi polepole sawa, ikibaki na alama au ikinata, achana nayo. Kisha kunja buti kwa nguvu pale vidole vinapoanzia na utazame nyufa nyembamba kama nywele. Ikizidi miaka mitano, lipa bei ya ngozi tu, soli ihesabu haipo.

A ni EVA. Haiozi hivyo, inachoka kwa kulala. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikiegemea upande mmoja, mwenye nayo alishaimaliza.

Aberdare_kwa_Miguu
Niko Kenya, na huku uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo habari ya nyati nawaachia. Lakini mbona hakuna aliyetaja Safari Boot ya Bata, ile ya Limuru? Nyepesi, suede, haina kelele, na kwa nyika kavu huhitaji zaidi ya hiyo.

Mgumu_wa_Mweka
Ni kiatu cha tambarare. Meru kuna kokoto za majivu, unahitaji meno ya milimita 4 hadi 5 na kisigino chenye ngazi ya kukushika wakati wa kushuka.

Kichaka_cha_Itigi
@Aberdare marufuku haikuziba masikio ya nyati. Hata huko kwenu ungevaa kimya.

Gambuti_Kasese
Mimi natoka upande wa Rwenzori. Huku kwenye matope ya Bigo buti zenu zote tatu zinazama. Watu wanavaa gambuti, buti za kupandia wanabeba kwenye begi mpaka mawe na barafu. Gambuti ikubane kifundoni ukiwa na soksi nene, tia soli ya ndani ya kiatu cha zamani, na shingo ifike karibu na goti.

Mgumu_wa_Mweka
Meru hakuna Bigo, kaka.

Mzee_wa_Katambuga
Mnamalizia laki mbili na nusu bure. Wamasai wanavuka nyika nzima kwa katambuga za tairi, hazina PU wala Gore-Tex, zikilowa zinakauka ukiwa unatembea.

FundiSoli
Mzee, nakubali nusu. Ila uwaambie na tairi gani. La waya likishaisha upande mmoja, ncha za waya zinatokeza na kukuchoma unyayo. Linatakiwa la nailoni. Na mwiba wa mgunga wa sentimita tano hauingii kwa chini tu, unaingia kwa ubavu.

Mzee_wa_Katambuga
Anayetazama anapokanyaga haingiwi na mwiba.

Kichaka_cha_Itigi
Anayefuatilia nyayo anatazama mbele, Mzee. Na kifundo kikiwa wazi inzi wa ndorobo watamla mzimamzima.

Mgumu_wa_Mweka
Turudi kwa mwenye swali. Mguu mpana mbele na kisigino chembamba ni mtihani kuliko jina la kampuni. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba, na soksi utakazovaa kazini. Toa soli ya ndani, isimamie ukiwa umesimama wima: mbele ya kidole kirefu ibaki sentimita moja hadi moja na nusu, na nyama ya mguu isimwagike pembeni. Ikimwagika, hiyo buti si yako hata wakikupa bure. Kisha vaa, jaza dumu la lita 10 uliweke kwenye begi, shuka ngazi dakika kumi. Kidole kikigusa mbele hata mara moja, kushuka Meru utapoteza kucha. Kisigino kikiinuka, tumia lile tundu la mwisho la juu: pitisha kamba kitoke kitanzi kila upande, vusha kila kamba kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kwa nyuma, funga. Ikiendelea kuinuka baada ya hapo, acha.

Halafu nunua geita (si mkoa, zile za kuvaa juu ya buti). Zitamaliza nusu ya malalamiko ya Kichaka kuhusu mbegu.

Kichaka_cha_Itigi
Za pamba nzito basi. Za nailoni zinarudisha shwaa ileile.

Aberdare_kwa_Miguu
Na utando wa A umeujaribu? Weka karatasi kavu ndani, simamisha buti kwenye beseni la maji ya sentimita tano, dakika kumi na tano, halafu ikunje mbele mara ishirini humo humo majini. Utando huwa unapasuka pale kwenye mkunjo.

FundiSoli
Muuzaji gani wa mtumba atakubali beseni?

Aberdare_kwa_Miguu
Anayejua haivuji.

Nyayo_Rungwa
Wakuu, nimepita leo. B lebo imefutika, mwaka hausomeki. Ukucha umeacha alama lakini ndogo, sijui niseme nini. C imenibana pembeni kwenye kidole kidogo, muuzaji anasema suede inatanuka. A imekaa vizuri, kisigino kimetulia na lile fundo la Mgumu. Beseni amekataa.

FundiSoli
Alama ndogo ni alama. Na suede inatanuka kwa upana kidogo, kwa urefu haitanuki.

Kichaka_cha_Itigi
A ina rangi gani?

Nyayo_Rungwa
Bluu iliyokolea, na nyeusi kisigino.

Kichaka_cha_Itigi
Aisee. Umeona vile vitambaa vya bluu na nyeusi vinavyotundikwa porini kutegea ndorobo? Sasa wewe unataka kuvivaa.

Mgumu_wa_Mweka
Geita za kaki zinafunika.

Kichaka_cha_Itigi
Zinafunika shingo na kamba. Pua ya buti je?

Nyayo_Rungwa
Fundi, kitambaa kinapakika rangi?

FundiSoli
Rangi ya viatu haishiki kwenye nailoni, inamenyuka mvua ya kwanza. Na ukiziba wavu kwa rangi nzito, Gore-Tex haitapumua. Piga picha uitume hapa, pande zote, na chini.