Jaribio moja limekuja kinyume na tulivyotarajia, na mashindano ya sayansi yamekaribia, tufanyeje?

Mlonge_Wawili:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naombeni ushauri.

Mimi na mwenzangu tunaingia mashindano ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari. Mradi wetu ni kutuliza maji ya tope kwa unga wa mbegu za mlonge. Kila chupa tulitia lita moja ya maji ya tope, tukaweka unga gramu 0.1, 0.2, 0.4 na 0.8, tukakoroga na kuacha yatulie saa mbili. Chupa ya 0.4 iling'aa kuliko zote. Ya 0.8 ilibaki na ukungu, tena kushinda hata ya 0.2. Tulirudia, ikawa vilevile.

Mwenzangu anasema hiyo ya 0.8 tuitoe kwenye grafu, itatuvurugia hoja kwamba unga ukiongezeka maji yanazidi kuwa safi. Mimi nasita. Halafu kichwa cha bango tumeandika "Maji Salama kwa Mlonge", sijui kama kimekaa sawa. Jingine: mwenzangu haongei mbele za watu, anataka maswali yote nijibu mimi. Majaji watalichukuliaje?

Mzee wa Maabara:
Marahaba. Mkiitoa hiyo chupa ya 0.8, mmetoa kitu pekee kwenye mradi wenu ambacho jaji hajakiona mara mia. Kwamba mlonge unatuliza tope, hilo linajulikana siku nyingi.

Chembe za udongo majini zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana na kubaki zikielea. Protini ya mbegu ya mlonge ina chaji chanya. Inazishika chembe, zinagandana, zinakuwa nzito, zinazama. Protini ikizidi, chembe zinavikwa chaji chanya na kuanza kusukumana upya. Maelezo haya yanalingana na mlichokiona, lakini msiseme mmeyathibitisha, kwa sababu chaji hamkuipima.

Tena kuna jibu jingine rahisi zaidi: labda ukungu ule ni unga wenu wenyewe unaoelea. Chukueni lita moja ya maji maangavu yasiyo na tope, tieni gramu 0.8, korogeni na kusubiri muda uleule. Yakiwa na ukungu, mtajua angalau sehemu yake imetoka wapi. Jaji makini atauliza hilo, na raha yake ni kumjibu, "Tulilijaribu, haya hapa matokeo."

BintiKemia:
Naungana na Mzee. Ila mdogo wangu, "iling'aa kuliko zote" kwa macho ya nani? Hapo ndipo mradi wenu ulipo dhaifu, si kwenye 0.8.

Tafuteni mrija mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, uzibeni chini, na chini ya kitako chake wekeni alama nyeusi ya X. Mimineni maji polepole huku mtu anaangalia kutoka juu. X ikipotea, simamisheni na mpime kina cha maji kwa sentimita. Kina kikubwa maana yake tope ni kidogo. Sasa mna namba, na grafu itakuwa na cha kusema. Anayeangalia asijue chupa ni ipi, macho hupenda kuona yanachotarajia.

Kila kipimo kifanyeni angalau mara tatu, na kwenye grafu onyesheni namba kubwa kabisa na ndogo kabisa, si wastani peke yake. Na sijaona chupa isiyo na mlonge kabisa. Iwepo, ikorogwe sawasawa na nyingine, isubiri muda uleule. Tope lingine huzama lenyewe! Mkipata shabu, wekeni na chupa yake, maana ndiyo dawa ya tope inayojulikana.

Mlonge_Wawili:
Asante dada. Mizani yetu inasoma desimali moja tu. Hiyo 0.1 tunaiamini vipi?

BintiKemia:
Msiiamini. Pimeni gramu 2, changanyeni na maji mpaka yafike mililita 200. Kila mililita 10 zina gramu 0.1, mililita 40 zina 0.4. Tikiseni kila mnapochota, unga huzama.

Jaji_wa_Zamani:
Nije kwenye bango. Neno "Salama" litoeni leo. Maji kung'aa si kuwa salama. Mlonge hupunguza bakteria wanaozama na tope, hauwamalizi, na mabaki ya mbegu yakibaki majini ni chakula cha bakteria, ndiyo maana maji hayo hayafai kuwekwa siku nyingi. Andikeni mlichopima, yaani tope. Wala msikimbilie kuotesha bakteria nyumbani ili kuokoa hilo neno. Ni hatari, na mashindano mengi yanakataza.

Someni kanuni za mashindano yenu kabla ya kuchora chochote. Kwenye ISEF, yale ya kimataifa yaliyoanza mwaka 1950, hata maji hayaruhusiwi kwenye meza ya maonyesho, unaweka picha. Sijui watoto wangapi wamebeba chupa zao kwa upendo wote halafu zikaishia chini ya meza.

Kuhusu mwenzako: huko ISEF, kati ya alama 100, bango lina 10 na mahojiano 25. Mkiwa wawili, jaji humgeukia yule aliyenyamaza. Msigawane kwa nani msemaji, gawaneni kwa nani alifanya nini kwa mikono yake. Aliyepima aeleze vipimo.

Kijana Machachari:
Mimi naona akariri hotuba nzima, aimwage, yaishe.

Jaji_wa_Zamani:
Akikatwa katikati na swali, ndiyo mwisho wake. Ajue sentensi ya kwanza tu na aweze kuielezea grafu kwa kidole. Mfanyisheni mazoezi na mtu asiyejua mradi, mwenye maswali ya hovyo. Swali asilolijua aseme hajui, kisha aseme angelipimaje. Majaji wanalipenda jibu hilo kuliko mnavyodhani.

Mlonge_Wawili:
Asanteni sana. Kichwa kipya: "Je, unga wa mlonge ukizidi, tope linarudi?" Kesho tunaanza na ile chupa ya maji maangavu. Mchanganyiko wa unga na maji tuliobakiza wiki iliyopita unafaa?

Mzee wa Maabara:
Mwageni. Ukishalala, nguvu inapungua na unaoza. Sageni mbegu mpya, menyeni maganda kwanza, na mwandike kwenye daftari lini mmesaga.