Wajukuu wa Bi Tatu: gumzo la kikundi

ALHAMISI

20:11 Mwantumu: Assalaam alaykum wote. Naomba mnisome mpaka mwisho, leo sitaki vidole gumba.

20:12 Mwantumu: Bibi alibanwa tena na pumu jana usiku. Kifua kinapiga filimbi mpaka namsikia nikiwa ukumbini. Tumemkalisha kitandani kwa mito mpaka saa kumi alfajiri.

20:13 Mwantumu: Leo nimepekua kikapu chake cha dawa. Pampu ya bluu ya kuvuta, ya mwanzo wa mwezi, imekwisha. Ya mwezi uliopita nayo iliisha hivyo hivyo. Ile ya kahawia aliyoandikiwa kabla ya Ramadhani iko kwenye boksi lake, hata karatasi ya maelezo haijakunjuliwa.

20:14 Mwantumu: Nataka vitu vitatu. Mchango wa kila mwezi wa dawa. Gari la kumpeleka kliniki Jumanne. Na zamu ya kulala naye, maana Mamdogo Zaina peke yake hawezi. Andikeni majina.

20:41 Shabani: Wa alaykum salaam mwenyekiti. Hiyo filimbi ni ya mapumziko au mpira umekwisha 😂

20:42 Mwantumu: Shabani.

20:42 Shabani: Samahani dada. Kweli samahani. Bibi anaendeleaje sasa?

20:43 Mwantumu: Kalala. Andika jina lako.

20:55 Mamdogo Zaina: Mwantumu, ile ya bluu haijaisha mwanangu. Nimeitoa kile kichupa cha ndani nikakiweka kwenye bakuli la maji, kimeelea ubavu. Maana yake imebaki nusu. Na ukibonyeza inatoa mvuke vizuri tu.

20:56 Salha: Mimi hapa Muscat naweza kuulizia famasi. Nikija Desemba nilete pampu ngapi?

20:57 Mwantumu: Salha, Desemba ni mbali. Mamdogo, kwa heshima zote, ya marehemu Mjomba Seif nayo ilielea.

21:31 Kassim: Hilo la Mjomba Seif naomba liachwe.

21:31 Mwantumu: Sijakutaja.

21:32 Kassim: Hukunitaja, lakini nani humu asiyejua gari lilikuwa la nani usiku ule?

21:33 Shabani: Jamani

21:33 Kassim: Na umesema gari la Jumanne. Nani mwingine hapo Tanga ana gari? Ungesema tu.

21:34 Mwantumu: Nimesema gari kwa sababu Bibi hapandi bajaji akiwa na kifua, vumbi la barabara ya Kigombe unalijua mwenyewe. Usinipeleke kwengine.

21:50 Mjomba Rashidi: Assalaam alaykum. Watoto tulieni. Mnunulieni mama vile vidonge vyeupe vya kifua, aminofilini, duka lolote vipo na bei ndogo. Sisi tulikua navyo. Hizi pampu zinazoesha mtu.

21:51 Shabani: Shikamoo mjomba

21:58 Mjomba Rashidi: Marahaba. Tena azile na zile za njano alizopewa juzi za mkojo.

21:59 Mwantumu: Mjomba shikamoo. Tumsubiri Idi, yuko zamu famasi. @Idi ukitoka tu njoo huku.

22:20 Salha: Kuzoesha nako kweli? Hapa binti wa jirani anavuta tangu ana miaka minne.

23:47 Idi: Nimetoka sasa hivi. Nimesoma yote. Shikamoo mjomba, shikamoo Mamdogo. Nitaandika kirefu, nivumilieni, maana jambo hili silichezei.

23:52 Idi: Mamdogo, mtihani wa bakuli uacheni kabisa. Kichupa kinaelea kwa gesi inayosukuma dawa, na gesi hubaki hata dawa ikiisha. Ndiyo maana bado unaona mvuke. Bibi anavuta upepo mtupu akidhani anavuta dawa. Tena maji yakiingia pale kwenye tundu yanaziba. Pampu ya bluu ya kawaida ni mibonyezo 200. Nyingi zinazouzwa kwetu hazina kihesabio, kwa hiyo siku ya kuifungua andika tarehe kwenye boksi kwa kalamu, na kila akibonyeza pigeni mstari kwenye karatasi.

23:55 Idi: Sasa fanyeni hesabu ya Mwantumu. 200 kwa siku 30 ni kama mara sita au saba kila siku. Hapo ndipo mimi ninapoogopa, kuliko hata usiku wa jana. Miongozo ya pumu inasema mtu anayemaliza pampu za bluu tatu au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari ya kubanwa vibaya, na akifika 12 hatari ya kufa inapanda. Bibi anakwenda mwendo huo wa 12.

23:59 Idi: Ya bluu ni salbutamol. Kazi yake kulegeza misuli iliyozunguka njia za hewa. Inafanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake ni saa nne mpaka sita. Haitibu uvimbe ulioko ndani. Uvimbe unatibiwa na ile ya kahawia, nayo inataka siku na wiki ndipo uione kazi yake. Inavutwa kila siku, asubuhi na jioni kama alivyoandikiwa, hata akijisikia mzima anakuna nazi. Akimaliza kuvuta asukutue mdomo kwa maji ateme, asije akaota utando mweupe wa fangasi.

IJUMAA

00:03 Idi: Mjomba, pampu haizoeshi mtu kama sigara. Aliyekuwa anaitegemea ya bluu kila saa hakulevywa nayo, ni ugonjwa wake haujatibiwa kwa chini. Na aminofilini ndiyo ya kuogopa. Kipimo kinachosaidia na kinachodhuru vimekaribiana mno. Ikizidi ni kutapika, moyo kwenda mbio, hata degedege. Na hizo za njano za mkojo, kama ni siprofloksasini, zinaizuia aminofilini isitoke mwilini, inajaa. Mbili hizo pamoja kwa mzee wa umri wa Bibi, tafadhali, hapana.

00:04 Idi: Mamdogo, ameshameza?

05:48 Mamdogo Zaina: Hajameza. Za mkojo alimaliza wiki iliyopita. Nimeshtuka mwaya.

05:50 Mwantumu: Mamdogo nipigie picha kila kitu kilichomo kikapuni. KILA KITU. Hata dawa ya mbu.

06:32 Mamdogo Zaina: [picha]

06:32 Mamdogo Zaina: [picha]

06:33 Shabani: Kikapu hiki kina dawa kuliko duka la Idi. Naona na karafuu

06:34 Mwantumu: Shabani majina bado mawili tu.

07:15 Idi: Picha ya pili, kichupa kidogo chenye kifuniko cha njano kando ya karafuu. Kikuze nisome.

07:21 Mamdogo Zaina: Hiyo ya macho. Alipewa na Bi Mize jirani, yeye ana presha ya macho. Bibi macho yalikuwa yanamuwasha, akaambiwa inasaidia. Anatia asubuhi na jioni.

07:22 Idi: Jina lake

07:24 Mamdogo Zaina: Timolol 0.5

07:24 Idi: Tangu lini?

07:30 Mamdogo Zaina: Baada ya Idd. Ndiyo siku zile kifua kilipoanza kuchachamaa.

07:31 Idi: Innalillahi. Asitie tena. Leo hii asitie.

07:36 Idi: Sikilizeni. Timolol ni jamii moja na propranolol, ile dawa ya presha na moyo. Tone la jicho linateremka puani, linaingia kwenye damu, linafika kwenye mapafu, na pale linakaza njia zile zile ambazo salbutamol inahangaika kuzifungua. Mwenye pumu hapewi. Kwa Bi Mize ni dawa halali ya daktari wake, yeye asiiache, asije akaharibikiwa macho. Lakini kwa Bibi ni sumu ya kifua. Kila asubuhi alikuwa anafunga mlango kwa mkono mmoja na kuusukuma kwa mwingine.

07:38 Salha: Tone la jicho?? Subhanallah

07:40 Kassim: Kwa hiyo si pumu iliyozidi?

07:44 Idi: Pumu ipo, na kahawia hakuvuta, na hilo tone juu yake. Vyote. Tena amepikia makumbi ya nazi jiko la ndani miaka mingapi? Jumanne nataka apulize kwenye kile kipimo cha pumzi, ijulikane ni pumu peke yake au na mapafu yaliyochoshwa na moshi, maana dawa zinatofautiana. Hicho kichupa kiende kliniki pamoja naye, daktari akione.

07:45 Mwantumu: Jumanne basi. Kassim?

08:10 Mwantumu: Kassim?

12:52 Idi: Niko mapumziko. Hili la vidole. Bibi vidole vimekakamaa, kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja hawezi, dawa yote inaishia kwenye ulimi. Mtengenezeeni chupa. Chupa ya maji ya nusu lita, toboeni kitakoni tundu linaloingia mdomo wa pampu barabara, upepo usivuje. Waya wa moto unalainisha plastiki. Ioshwe kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa, la sivyo dawa hunata ukutani. Msinicheke, chupa hii ilipimwa Cape Town kwa watoto waliobanwa na pumu, utafiti ukatoka kwenye jarida la madaktari la Lancet mwaka 1999, ikaonekana inafanya kazi sawa na ile ya kununua.

12:55 Idi: Akibanwa: mkalisheni wima, msimlaze. Tikisa pampu, bonyeza MARA MOJA ndani ya chupa, avute na kutoa pumzi taratibu mara tano mdomo ukiwa kwenye chupa. Ndipo bonyeza tena. Mara nne mpaka kumi, moja moja. Mikono itatetemeka na moyo utapiga, hilo la kawaida. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikawa ya kijivu, hapo ni hospitali ya Bombo moja kwa moja, msisubiri kupambazuke. Njiani mrudie mibonyezo hiyo kila dakika 20.

13:01 Shabani: Nusu lita mbona nimezinywa zote kwenye daladala. Lita moja na nusu haifai? 

13:02 Shabani: Natania. Namtumia Mamdogo chupa ya nusu lita, nimeshamuuliza fundi wa simu ana kichomeo.

13:05 Salha: Huku pampu ya kuzuia naiona ya zambarau

13:07 Idi: Rangi si sheria Salha. Soma jina. Usinunue chochote kwa rangi. Na kuna pampu moja yenye dawa mbili ndani, budesonide na formoterol, tangu 2019 ndiyo miongozo inayoipendekeza zaidi badala ya mtu kutegemea bluu peke yake. Tutamuuliza daktari Jumanne. Bei yake ndiyo kisa.

13:09 Mwantumu: Ndiyo maana nasema MCHANGO. Elfu kumi kila mtu. Mimi, Salha, Idi. Wengine mmekufa?

13:20 Mjomba Rashidi: Mchango sawa, ila pesa ya minazi ya Kigombe hatujaambiwa mpaka leo ilikwenda wapi. Ingelimtibu mama miaka kumi.

13:21 Mamdogo Zaina: Kaka Rashidi unaniambia mimi?

13:21 Mjomba Rashidi: Nimesema kwa jumla.

13:22 Mamdogo Zaina: Aliyeezeka bati la chumba cha mama ni nani?

13:24 Kassim: Ujumbe huu umefutwa

15:40 Mamdogo Zaina: [ujumbe wa sauti, 1:26]

15:40 Mamdogo Zaina: Huyu ni Bibi. Kanipokonya simu.

15:44 Salha: Niko kazini siwezi kusikiliza. Mtu aandike tafadhali.

15:58 Mwantumu: Naandika kama alivyosema. "Wanangu na wajukuu zangu. Zaina amenisomea. Mnaisoma pampu yangu kama hesabu ya harusi. Ile ya kahawia sikuiacha kwa ukaidi. Idd ile mlipokaa barazani mkibishana nani katoa na nani hajatoa, mlidhani nimelala. Nilikuwa macho. Nikasema hii ya ghali niiweke, niivute siku nikizidiwa, isiishe upesi mkaja kugombana tena. Na Kassim, mjukuu wangu. Seif nilimzaa mimi. Sijakuuliza habari ya gari hata siku moja. Asikuulize mtu mwingine."

16:41 Salha: Bibi 😭

17:05 Mjomba Rashidi: Mama nimekusikia. Niwie radhi. Zaina nawe niwie radhi.

17:30 Idi: Mamdogo, mwambie hivi kwa sauti ya upole. Bibi, ya kahawia haiwekwi akiba. Siku ya kuzidiwa haitakufungulia kifua, itakuwa imechelewa. Kazi yake ni siku ambazo huna kitu. Aanze leo, kama alivyoandikiwa, kwa chupa.

17:52 Mamdogo Zaina: Anauliza kama iliyokaa tangu Ramadhani haijaharibika.

17:53 Idi: Angalia tarehe ubavuni.

17:57 Mamdogo Zaina: Inakwenda mpaka mwakani.

17:57 Idi: Basi ni nzima. Bonyeza hewani mara mbili kwanza, kisha mpe.

18:35 Mamdogo Zaina: Kavuta. Anahesabu pumzi kwa vidole mpaka tano, kama anavuta uradi. Kasukutua.

19:10 Kassim: Jumanne nitakuwa mlangoni saa kumi na mbili asubuhi.

19:11 Mwantumu: Allah akulipe Kassim.

19:25 Mjomba Rashidi: Jumanne ndiyo hitima ya Sheikh kule Pangani, nilikuwa nimeomba gari hilo hilo. Haiwezekani Jumatano?

19:26 Mwantumu: Kliniki ya kifua ni Jumanne mjomba.

19:26 Mwantumu: Kassim?

20:02 Mwantumu: Orodha, mtu ajaze kisha aisogeze.
1. Mwantumu ✅
2. Salha ✅
3. Idi ✅
4.
5.
6.
7.
Zamu ya kulala: Jumamosi Mwantumu. Jumapili ___

20:30 Shabani: 
1. Mwantumu ✅
2. Salha ✅
3. Idi ✅
4. Shabani (tarehe 5)
5. Mamdogo, yeye atoe usingizi tu inatosha
6.
7.
Zamu ya kulala: Jumamosi Mwantumu. Jumapili ___

20:31 Shabani: Chupa ya akiba nimeipakia basi la kesho asubuhi, kwa kondakta. Nimetoboa mbili, ya kwanza iliyeyuka.

21:14 Mwantumu: Jumapili bado ni mstari mtupu. Na Jumanne nataka kusikia kwa Kassim mwenyewe, siyo kwa mtu.